Sikio la Kushoto

Daktari wa Mnazi Mmoja, kijana, ndevu ndiyo kwanza zinajaribu,
kanivisha vidude masikioni, kanambia ninyanyue kidole
kila nikisikia mlio.
Nilinyanyua mno. Nilinyanyua hata alipokuwa hajabonyeza.
Akauliza: Bibi, umewahi kufanya kazi kiwandani?
Nikasema la.
Mashine ya kusaga? Jenereta?
La. Na ulimi ukataka kuendelea, nikauzuia.

Ningemwambiaje habari za ghala la karafuu, Wete,
mwaka wa thamanini na mbili,
mwezi ambao sukari ilikuwa hadithi
na mche wa sabuni tuliugawa kwa uzi?

Kaseti ililetwa na Mbarouk, baharia, kutoka Hamburg,
imefichwa ndani ya soksi.
Shaame Faki aliisikiliza hadi utepe ukakatika,
akauunga kwa rangi ya kucha ya dada yake,
na pale palipoungwa muziki uliruka pigo moja;
basi na wao, walipojifunza, wakaruka pigo lile lile,
wakidhani ndivyo wenyewe walivyokusudia.

Kundi waliliita Shoka Butu.
Gitaa mbili, moja ya kweli.
Kombo alipiga pipa la mafuta ya taa.
Spika waliazima tawini, zimezoea hotuba,
hazijui kupiga kelele.
Usiku ule zilijifunza.

Msimu haujaanza, ghala tupu,
lakini sakafu ilinuka karafuu za miaka ishirini.
Shaame akapiga waya
na taa za Wete nzima zikapepesa,
hadi hospitali, hadi mezani kwa mkubwa mmoja aliyekuwa akila.
Sauti ile haikuwa sauti.
Ilikuwa bati la paa limekuingia mwilini
linatafuta pa kukaa.

Wavulana walitikisa vichwa
kama wanaokataa jambo lililokwisha kuamuliwa.
Nywele hawakuwa nazo, zilishapitiwa mkasi mwezi uliotangulia,
na suruali zao zilishapimwa kwa chupa ya soda.
Walitikisa vipara.
Na sisi, mimi na Mwanaisha na Riziki binti Mcha,
tulioaga kwamba tunakwenda hitimani,
tulisimama pembeni, spika kushotoni kwangu,
ndani ya mabuibui.
Mbarouk alishatuonesha picha ya kwenye kaseti:
watu wa muziki huu huvaa nyeusi tupu.
Riziki akanipigia ukelele:
Shoga, kumbe sisi ndio tuliovaa sawa!
Nilimsoma midomo tu.

Maneno hakuna aliyeyajua. Shaame alitia yake:
Unga! Sukari! Foleni! Kesho!
na ghala likajibu Kesho! Kesho!
mpaka Riziki akatoka damu puani,
akacheka, akaifuta kwa ukaya.

Nusu saa. Kisha fundi wa umeme akachoka nasi,
akauzima mji mzima.
Gizani Kombo aliendelea na pipa lake peke yake,
hajui.

Walipiga tena Konde, wakapiga Kengeja,
na mara moja Chake, wakarushiwa maganda ya machungwa.
Halafu Mbarouk hakurudi.
Gitaa ya kweli iliuzwa, ikawa cherehani.

Juzi nilimwona Shaame bandarini Malindi,
anapakia magodoro ya kwenda Pemba.
Nikamwita, hakugeuka. Nikamvuta shati.
Akaniletea sikio lake la kulia,
nami nikamletea langu la kulia,
tukazungukana pale baina ya magodoro,
mara mbili, mara tatu, wapagazi wanatutazama.
Aliniuliza habari za Riziki.
Nikamwambia katutangulia, mwaka wa tatu huu.
Akasema: Alhamdulillahi. Msalimie sana.

Daktari kaandika: uzee.
Kisha akauliza huo mlio ukoje,
kama nzi? kama maji?
Nikamwambia ni waya wa tatu.
Haukukazwa vyema.
Umelegea kidogo, mwanangu, mpaka hivi leo.